Mizani ya Washairi wa Kirumi

Bwenini kwetu husemwa mara nyingi kwamba maneno yasiyo na vina si shairi. Wanaosema hivyo nawaomba wawatazame kwanza Warumi. Washairi wao wa kale hawakutafuta vina mwishoni mwa mshororo, wala katika tenzi zao kuu hawakuhesabu silabi kama sisi tuhesabuvyo nane za utenzi. Walizipima uzito.

Silabi ya Kilatini ni nzito irabu yake ikivutwa, au ikifungwa na konsonanti; vinginevyo ni nyepesi. Kuvuta huko si pambo: liber kwa i fupi ni kitabu, kwa i ndefu ni mtu huru. Nzito moja ilikuwa sawa na nyepesi mbili. Basi katika utenzi wa mashujaa, kama Aeneid wa Vergilius, mshororo una vipande sita, nao waliviita miguu. Kila mguu ni nzito moja na nyepesi mbili, au nzito mbili. Wa mwisho huwa na silabi mbili tu. Kwa hiyo mshororo mmoja huweza kuwa na silabi 13 na wa pili 17, na yote miwili ikawa sawa mizanini.

Michezo ya kuchekesha ilikuwa na desturi yake. Plautus, aliyefariki mwaka 184 K.K., na Terentius aliyemfuata, waliandika mazungumzo kwa senario: miguu sita, kila mguu nyepesi ikifuatwa na nzito. Lakini nzito iliweza kukaa mahali pa nyepesi karibu popote, ila mguu wa mwisho haukuguswa. Cicero alisema mishororo hiyo hufanana na maongezi hata pengine mtu asitambue kuwa ni shairi. Mimi naona hiyo ni sifa, kwani mtumwa mwerevu anayemlaghai bwana wake hawezi kusema kama anayehutubia!

Mizani ilipobadilika, mpigaji alipuliza zumari mbili kwa pamoja, na waigizaji wakaghani au kuimba. Muziki wa michezo yote sita ya Terentius ulitungwa na mtumwa, jina lake Flaccus. Terentius mwenyewe, kwa masimulizi ya kale, alizaliwa Carthage, Afrika ya Kaskazini, akafika Rumi akiwa mtumwa vilevile.

Baadaye watu waliacha kuvuta irabu, na sikio la mizani likapotea. Katika Zama za Kati wanakili wengi waliandika michezo ya Terentius mfululizo kama insha. Mwaka 1726 Mwingereza Richard Bentley aliipiga chapa akitia alama juu ya silabi, hata msomaji akaweza kuisoma tena kama mashairi.