Mamba Unamwona, Kichocho Hukioni



Leo katika ukurasa wetu wa afya tutatembea kidogo. Tutakwenda katika Kisiwa cha Saanane, ndani ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na mji wa Mwanza. Tutaona wanyama, ndege na mawe makubwa. Halafu tutarudi kijijini na somo moja la afya. Someni polepole. Asiyejua kusoma bado, na asomewe na mwenzake.

SAFARI YA WANAKISOMO

Wanakisomo wa kijiji chetu walichanga nauli kidogo kidogo tangu wakati wa mavuno. Walitaka kuona kwa macho yao mambo waliyoyasoma kitabuni. Waliniomba nifuatane nao, kwa kuwa ninafanya kazi katika zahanati yao. Tulikuwa watu 22, wake kwa waume. Mkubwa wetu alikuwa babu mmoja ambaye alianza kusoma akiwa tayari na wajukuu.

Tulivuka kwa boti. Kila mtu alivaa jaketi la kuokolea maisha. Babu alikataa mwanzoni. Alisema amevua samaki miaka mingi bila kuvaa kitu kama hicho. Mwenye boti akamjibu kwa heshima, "Babu, ziwa halimjui mzoefu." Babu akacheka, akavaa.

Safari ni fupi. Kabla hatujazoea mawimbi, tulikuwa tumekwisha fika.

KISIWA CHENYEWE

Kisiwa hiki kina jina la Mzee Saanane Chawandi. Alikuwa mkulima na mvuvi aliyeishi hapo zamani. Mwaka 1964 kisiwa kilifanywa bustani ya wanyama, na ilikuwa ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ni hifadhi ndogo. Ukihesabu nchi kavu pamoja na maji yanayoizunguka, eneo lake ni zaidi kidogo tu ya kilometa mbili za mraba. Mtu mwenye miguu mizuri hukizunguka kwa muda mfupi.

Lakini kwa udogo wake, kisiwa kina mengi. Tuliona swala pala wakila majani. Tuliona tumbili juu ya miti. Tuliona furukombe, yule ndege mkubwa mwenye kichwa cheupe, akishuka majini na kupanda na samaki. Juu ya mawe tuliona mijusi wakiota jua. Dume ana kichwa na mabega mekundu, na mwili wa buluu. Wataalamu wamempa mjusi huyu jina la kitaalamu lililotokana na Mwanza.

Mnyama aliyetufurahisha zaidi ni pimbi. Pimbi ni mdogo kama sungura, hana mkia wa kuonekana, na hukaa katika mapango ya mawe. Wataalamu wanasema kuwa ana ukoo wa karibu na tembo. Nyayo zake ni laini na zina unyevu kama jasho. Ndiyo maana hupanda mwamba mkali bila kuteleza.

Mwongozaji wetu alituonyesha jiwe lenye michirizi myeupe, kama limemwagiwa chokaa.

"Hiki ni choo cha pimbi," alisema. "Pimbi wa kundi moja hujisaidia mahali pamoja. Hawaendi ovyo ovyo."

Babu akatikisa kichwa. "Kumbe hata pimbi ana choo," alisema. "Na mimi nina jirani hana!"

Tulicheka sana. Lakini maneno yale yalikuwa ya kweli, na nitayarudia hapo mbele.

MWONGOZAJI ALITUKATAZA MAJI

Jua lilipokuwa kali, tulipumzika chini ya mti karibu na ufuko. Maji yalikuwa matulivu na yanavutia. Kijana mmoja alivua viatu, akataka kunawa miguu. Mwongozaji akamzuia mara moja. Alituambia kuwa mamba wapo. Mamba hulala kimya kama gogo, na mtu humwona akiwa amechelewa.

Kijana alirudi nyuma haraka. Sote tulirudi nyuma haraka.

Hapo mama mmoja aliniita pembeni. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Daktari mwanangu, mimi nina mtoto wa miaka 11. Kila siku anaogelea ziwani pale kijijini. Nimemwonya juu ya mamba tangu akiwa mdogo, na anawaogopa kweli. Anaoga pale kwenye maji haba tu, penye majani. Lakini siku hizi tumbo linamuuma, na chooni anatoa damu. Sasa amba, ni nini kimemdhuru, na mamba hajamgusa?"

Nilimwambia amlete mtoto zahanati kesho yake. Alimleta. Tulipima choo chake kwa darubini. Tuliona mayai, na kila yai lilikuwa na mwiba mdogo ubavuni. Mtoto alikuwa na kichocho cha tumbo.

Mama alisikitika. Alisema, "Nilimfundisha kumwogopa mkubwa. Sikumfundisha kumwogopa mdogo."

KICHOCHO KINAPATIKANAJE?

Kichocho ni ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu ya mtu. Kiko kichocho cha tumbo na kichocho cha mkojo. Kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo ndicho kinachosumbua watu wengi. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi katika mabwawa, madimbwi na majaruba ya mpunga.

Ugonjwa huu hauletwi na uchawi wala laana. Una njia yake, nayo ni hii:

Kwanza, mtu mwenye kichocho cha tumbo anakwenda haja kubwa ufukoni au majanini. Mvua inasomba kinyesi mpaka ziwani. Katika kinyesi mna mayai.

Pili, mayai yakifika majini yanapasuka. Vinatoka vijidudu vidogo sana. Vijidudu hivi vinamtafuta konokono wa majini. Visipompata kwa muda wa siku moja hivi, vinakufa.

Tatu, vikimpata konokono vinaingia ndani yake. Vinakaa humo majuma kadhaa na kuongezeka. Halafu vinatoka vingine, maelfu kwa maelfu. Hutoka zaidi wakati wa jua, hasa mchana. Huo ndio wakati watoto wanapopenda kuoga.

Nne, mtu akiingia majini, vijidudu vinapenya katika ngozi yake. Havihitaji kidonda. Dakika chache zinatosha. Mtu hasikii maumivu. Pengine anawashwa kidogo tu, naye anadhani ni majani.

Tano, ndani ya mwili vijidudu vinakua na kuwa minyoo. Mnyoo mmoja una urefu wa kama sentimeta moja. Dume na jike hukaa pamoja, na jike hutaga mayai mengi kila siku. Minyoo hii huweza kuishi miaka mingi. Baadhi ya mayai hutoka chooni, na safari inaanza upya. Mengine hunasa katika ini na matumbo. Hayo ndiyo yanayomwumiza mtu.

KONOKONO HUYU ANAKAA WAPI?

Konokono wa kichocho cha tumbo ni mdogo. Anaweza kuwa kama punje ya hindi. Gamba lake ni bapa, limejiviringisha kama kamba iliyokunjwa chini. Anapenda maji matulivu yenye majani, matete au magugu maji. Hapendi mahali penye mawimbi makali.

Sasa tumwangalie tena yule mtoto. Alikimbia kina kirefu kwa kuogopa mamba. Akaenda kwenye maji haba, yenye majani, yaliyotulia. Alikimbilia nyumbani kwa konokono!

Kwa macho huwezi kujua konokono yupi ana vijidudu na yupi hana. Maji nayo yanaweza kuwa maangavu kabisa, na bado yakawa na vijidudu. Wako samaki wanaokula konokono, kama kamongo na baadhi ya furu. Lakini tusikae tukingoja samaki watufanyie kazi yetu.

DALILI ZAKE

Majuma machache baada ya kuambukizwa, mtu anaweza kupata homa, kikohozi na uchovu. Baadaye tumbo huuma, mtu huharisha, na pengine hutoa damu katika choo. Mwenye kichocho cha mkojo hukojoa damu. Katika vijiji vingine watu husema mvulana anayekojoa damu amekuwa mkubwa. Hayo si kweli. Huyo ni mgonjwa.

Mtoto mwenye kichocho hupungukiwa damu, hudumaa, na husinzia darasani. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi bila kutibiwa, ini huharibika na tumbo hujaa maji. Mgonjwa anaweza kutapika damu na kufa.

DAWA IPO

Dawa ya kichocho inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge vya kumeza. Idadi yake hutegemea uzito au urefu wa mtu, kwa hiyo usimpe mtoto vidonge kwa kukisia. Mtoto ale chakula kwanza, kisha ameze dawa. Anaweza kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au tumbo kuuma kwa muda. Hayo hupita. Siku ya kumeza dawa shuleni, mzazi asimfiche mtoto wake.

Lakini sikilizeni jambo hili. Dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haiwekei mwili ukuta. Yule mtoto alimeza dawa akapona, akanenepa. Baada ya muda alirudi kuoga pale pale penye majani. Miezi michache ikapita, mama akamleta tena, na darubini ikaonyesha mayai yale yale. Tulimtibu mara ya pili.

Ni kama kufagia nyumba yenye paa linalovuja. Utafagia maji kila siku mpaka uzibe paa.

TUZIBE PAA

1. Kila nyumba iwe na choo, na kila mtu akitumie, hata watoto. Choo kiwe mbali na kisima na ufuko, si chini ya mita 30. Kinyesi kisipofika majini, konokono hana cha kupokea.

2. Wavuvi wasijisaidie ziwani wala mwaloni. Mwalo nao uwe na choo.

3. Watoto wasiogelee wala kuchezea maji penye majani na maji yaliyotulia.

4. Maji ya kuoga yachotwe na kuwekwa katika chombo kisafi chenye kifuniko, siku mbili kamili. Yasiwe na konokono. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Maji ya kunywa yachemshwe.

5. Anayelazimika kuingia majini kwa kazi, kama mvuvi au mkulima wa mpunga, avae mabuti akiweza. Apime afya yake zahanati kila mwaka, hata kama hajisikii mgonjwa.

6. Kijiji kikate na kuondoa majani mahali pa kuchotea maji. Wanaofanya kazi hiyo wavae mabuti na mipira ya mikono.

Baadhi yenu wazee mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo. Kichocho kilikuwa mojawapo ya magonjwa waliyojifunza. Jembe walilotumia bado tunalo.

UKITEMBELEA HIFADHI

Msiache kutembea kwa sababu ya somo hili. Kupanda mawe na kutembea ni afya kwa mwili, na kuona viumbe ni elimu. Shikeni mambo haya tu: Vaeni viatu. Chukueni maji ya kunywa na kofia. Msiingize mkono katika nyufa za mawe, kwani nyoka hupenda kukaa humo. Msiwape tumbili chakula. Wakizoea, hunyang'anya na kuuma. Botini vaeni jaketi. Tumieni choo cha hifadhi. Ziwa litazameni kwa macho, miguu ibaki nchi kavu.

Tuliporudi kutoka Saanane, babu hakungoja mkutano. Jioni ile alikwenda kwa jirani yake. Sijui walizungumza maneno gani. Ninajua tu kwamba juma lililofuata waliazima sururu ya zahanati, na shimo sasa limepita kimo cha mtu. Na yule mama amechimba choo chake. Mtoto wake bado anakwenda ziwani jioni kutazama mitumbwi, lakini anaoga nyumbani kwa maji ya pipa. Safari ya tatu ya darubini haijahitajika.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini yule mtoto alipata kichocho ingawa aliwaogopa mamba?

2. Kichocho kinahitaji vitu vitatu: mtu, maji na konokono. Ni kipi kati ya hivyo tunaweza kukibadili kwa urahisi zaidi kijijini kwetu? Tutakibadilije?

3. Watoto wetu wanaoga wapi? Nendeni mkapaone. Je, pana majani? Maji yametulia?

4. Hesabuni nyumba zisizo na choo katika kitongoji chenu. Nani atamsaidia nani kuchimba, na lini?

MANENO YA KUJIFUNZA

Darubini: chombo cha kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Hifadhi: mahali ambapo wanyama na mimea hulindwa kwa sheria.
Kudumaa: kutokua inavyotakiwa.
Mwalo: mahali ufukoni ambapo mitumbwi ya wavuvi hutia nanga.