Maana Mbili za Presha: Ushirikiano wa Neva na Homoni Mwilini

Utangulizi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, neno presha lina maana mbili. Kwanza, ni wasiwasi: mwenye kudaiwa kodi husema ana presha. Pili, ni ugonjwa wa shinikizo la juu la damu. Makala haya yanaeleza uhusiano wa maana hizo kwa kuchunguza jinsi mfumo wa neva na mfumo wa homoni inavyoshirikiana.

Ujumbe wa neva

Chukua mfano wa mtu anayevuka Barabara ya Jogoo. Ghafla matatu inamjia kwa kasi. Macho hupeleka habari kwenye ubongo, nao hutoa amri kupitia uti wa mgongo. Neva zenye kasi kubwa husafirisha ujumbe kwa takriban mita 100 kwa sekunde. Ndiyo maana mtu huruka kando kabla ya kufikiri.

Ujumbe wa homoni

Juu ya kila figo pana tezi ya adrenali. Neva huichochea sehemu ya ndani ya tezi hiyo, nayo humwaga adrenalini katika damu. Hapo ndipo mifumo hii miwili inapokutana: ujumbe ulioingia kwa njia ya neva hutoka ukiwa kemikali. Moyo kwenda mbio, mate kukauka na malaika kusimama ni semi ambazo Kiswahili kilikuwa nazo kabla ya istilahi hizi, na kila mojawapo inaeleza kwa usahihi tendo la mfumo huo.

Wakati huohuo, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiagiza tezi ya pituitari, nayo pituitari huiagiza sehemu ya nje ya adrenali kutoa kortisoli. Homoni hii huchukua dakika kadhaa kuongezeka, nayo huinua kiwango cha sukari katika damu ili mwili upate nguvu. Ikishatosha, huizuia haipothalamasi na pituitari zisiendelee kuagiza.

Tatizo la neno moja

Matatu ikishapita, moyo hutulia. Deni la kodi halipiti hivyo. Wasiwasi wa muda mrefu huichochea mifumo hii mara kwa mara, na huweza kuchangia ugonjwa wa shinikizo la damu, pamoja na sababu nyingine kama vile urithi, umri, uzito na chumvi nyingi. Kwa hiyo maana hizo mbili zina uhusiano, lakini si kitu kimoja. Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili yoyote. Mgonjwa anayezichanganya maana hizo anaweza kuacha dawa siku deni linapolipwa, akidhani presha imekwisha, kumbe mishipa yake bado imo hatarini.

Hitimisho

Istilahi zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi iliyobaki ni kuziunganisha na lugha ya mtaani, ili mgonjwa akiambiwa ana presha, aelewe ni ipi.

Zoezi

1. Tofautisha ujumbe wa neva na ujumbe wa homoni kwa kuzingatia kasi na njia.
2. Neno sukari nalo hutumiwa kwa maana ya ugonjwa. Jadili utata wake.