Chapati za Maji za Kujenga Mwili: Chakula cha Asubuhi cha Mtoto wa Shule

Somo la mwezi huu ni la jikoni, lakini si la akina mama peke yao. Ni la kila mtu mwenye kuku, ng'ombe au kipande cha shamba, na mwenye watoto waendao shule. Twataka kueleza namna ya kupika chapati za maji zilizo na chakula kingi cha kujenga mwili, kwa vitu ambavyo wakulima wengi wanavyo nyumbani au waweza kuvipanda wenyewe.

Chapati za maji zajulikana kila mahali katika Kenya. Hazikandwi wala hazisukumwi. Unga huchanganywa mpaka uwe rojo, kisha humiminwa katika kikaango chembamba. Wafaransa nao wana chapati zao za namna hii, huziita krepu. Hizi zetu tutazitia nguvu zaidi kwa mayai, maziwa na unga wa soya.

KWA NINI ASUBUHI?

Fikirini mtoto aliyekula chakula cha jioni saa mbili usiku. Ikifika saa nne asubuhi, wakati anapofundishwa hesabu, ni saa 14 tangu ale. Kama alitoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tu, mwalimu atamwona anapiga miayo na kutazama dirishani. Huenda akaitwa mvivu au mzito wa akili, na kumbe ana njaa.

Mwaka wa 1979 Serikali ilianza kuwagawia watoto wa shule za msingi maziwa, na wengi waliosoma miaka ile huyakumbuka mpaka leo. Mpango ule wa maziwa ulikoma baadaye. Lakini hata shule ikiwa na chakula cha mchana, asubuhi ni kazi ya jiko la nyumbani.

MAYAI YAMEKWENDA WAPI?

Katika nyumba nyingi kuku wanataga, lakini watoto hawali mayai. Mayai yote huenda sokoni, na fedha hurudi na mkate mweupe na sukari. Kabla ya kufanya hivyo, tufanye hesabu kidogo. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Kipande cha mkate mweupe chenye uzito wa gramu 30 kina gramu 2 na nusu hivi. Basi mtoto atakula zaidi ya vipande viwili vya mkate ili apate protini ya yai moja tu.

Hatusemi msiuze mayai. Twajua kuna ada ya shule, sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Twasema msiuze yote. Mkulima mwenye busara hauzi mavuno yote akabaki bila mbegu ya kupanda. Huweka kando ya msimu ujao. Yai la mtoto nalo ni mbegu. Mabwana wa nyumba yafaa walijue neno hili kama mabibi zao wanavyolijua, maana mara nyingi wao ndio wenye kuamua nini kiuzwe na nini kibaki.

PROTINI HUFANYA KAZI GANI?

Protini ndiyo chakula cha kujenga mwili. Nyama, damu, ngozi na nywele hujengwa nayo. Mtu mzima huihitaji ili kutengeneza palipochakaa, lakini mtoto huihitaji hata kwa kukua. Mtoto wa miaka 8 mwenye uzito wa kilo 25 huhitaji kwa uchache gramu 23 hivi kila siku.

Mwaka wa 1933 daktari mmoja Mwingereza, Cicely Williams, aliandika habari za ugonjwa wa watoto aliouona katika Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Watoto walivimba miguu, nywele zikabadilika rangi, ngozi ikababuka. Mwaka wa 1935 aliuita kwa jina walilolitumia watu wa huko: kwashiorkor. Sisi twauita unyafuzi. Leo wataalamu wasema kwamba upungufu wa protini si sababu yake pekee, lakini wote wakubali kwamba mtoto anayelishwa wanga tu siku zote yumo hatarini. Ukiona dalili hizo kwa mtoto, usikae nyumbani ukijaribu vyakula. Mpeleke kituo cha afya siku ile ile.

NAFAKA NA KUNDE NI NG'OMBE WAWILI WA PLAU

Protini hufanywa kwa sehemu nyingi ndogo ndogo. Ngano, mahindi na mtama zina upungufu wa sehemu moja, ambayo soya, maharagwe na dengu zinayo kwa wingi. Jamii ya kunde nayo ina upungufu wa sehemu nyingine, ambayo nafaka zinayo. Zikiliwa pamoja hujazana. Ni kama ng'ombe wawili waliofungwa plau moja. Mmoja peke yake hachimbi vizuri, lakini wawili humaliza shamba. Ndiyo sababu wazee wetu walipika mahindi na maharagwe chungu kimoja. Mayai na maziwa yana sehemu zote, kwa hiyo hata yakiwa kidogo huongeza nguvu ya chakula chote.

KUTENGENEZA UNGA WA SOYA

Soya mbichi haifai kuliwa, wala isisagwe ikiwa mbichi. Ina kitu kinachozuia tumbo kuisaga protini, na kitu hicho huharibiwa na moto. Fanya hivi:

1. Chagua kilo 1 ya soya safi. Tupa zilizooza, zilizovunjika na zenye ukungu.
2. Chemsha maji mengi. Yakitokota, tia soya kidogo kidogo ili maji yasiache kutokota. Chemsha kwa dakika 30.
3. Mwaga maji, osha soya kwa maji baridi, na uzifikiche kwa mikono maganda yatoke.
4. Zianike juani juu ya turubai au mkeka safi, si juu ya udongo. Zikauke kabisa, ukiuma moja ivunjike kwa mlio.
5. Zikaange kwa moto mdogo bila mafuta mpaka zigeuke rangi kidogo na kunukia.
6. Zikipoa zipeleke kinuni zikasagwe, kisha weka unga katika mkebe wenye kifuniko.

Kilo 1 ya soya hutoa unga vikombe 10 hivi. Unga wa soya una mafuta, nayo huchacha. Kwa hiyo saga wa kutumia mwezi mmoja tu.

Habari ya kukausha si jambo la mchezo. Mwaka wa 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika mahindi, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Nafaka, karanga au kunde zenye ukungu zisisagwe, zisiliwe, wala wasipewe kuku na ng'ombe.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa chapati 12, yaani mbili mbili kwa watu sita. Kikombe kiwe cha robo lita.

Unga wa ngano, vikombe 2
Unga wa soya, kikombe 1
Mayai 3
Maziwa yaliyochemshwa na kupoa, vikombe 2
Maji safi, kikombe 1
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Sukari, kijiko 1 cha chai ukipenda
Mafuta kidogo ya kupakia kikaango

NAMNA YA KUPIKA

1. Chekecha unga wa ngano na wa soya pamoja katika bakuli kubwa, utie chumvi. Fanya shimo katikati.
2. Vunja kila yai kwanza katika kikombe peke yake, ili moja bovu lisiharibu chakula chote. Yapige mayai, uyamimine katika lile shimo.
3. Tia maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga kutoka katikati kwenda kandoni. Ukiyatia yote kwa mara moja utapata vidonge. Maliza kwa kutia maji.
4. Funika bakuli, uache rojo itulie kwa nusu saa mahali pa baridi. Unga hunywa maji, na chapati hazitakatika. Katika nusu saa hiyo waweza kukama au kuwaamsha watoto.
5. Koroga tena. Rojo njema humiminika kama uji mwepesi. Ikiwa nzito, ongeza maji kidogo.
6. Pasha kikaango moto. Nyunyizia tone la maji. Likirukaruka na kukauka mara moja, kikaango ki tayari. Kipake mafuta kidogo kwa kitambaa safi. Mafuta mengi huzifanya chapati kuwa nzito tumboni.
7. Mimina rojo, isifike nusu kikombe, huku ukizungusha kikaango ienee pote.
8. Juu ikikauka na kandoni pakianza kuinuka, geuza. Pika upande wa pili mpaka uwe na madoa ya kahawia. Yai lisibaki bichi katikati.
9. Zipange katika sahani, uzifunike zisikauke.

Chapati ya kwanza mara nyingi huharibika, maana kikaango hakijapata moto sawasawa. Usikate tamaa, ya pili itakuwa nzuri.

HESABU YA PROTINI

Unga wa ngano wa vikombe 2 una gramu 25 hivi, unga wa soya, 30, mayai 3, 18, maziwa, 16. Jumla ni karibu gramu 89. Gawanya kwa 12, kila chapati ina gramu 7 na zaidi. Yule mtoto wa kilo 25 akila mbili, amepata kama gramu 15, nayo ni zaidi ya nusu ya haja yake ya siku nzima, na bado hajafunga vitabu vyake.

KAMA HUNA KIMOJAWAPO

Huna soya? Tumia unga wa dengu kikombe 1. Nao ni mwema ijapokuwa protini yake ni ndogo kuliko ya soya. Au chukua maharagwe yaliyopikwa jana yakaiva kabisa, yaponde mpaka yalainike, utie kikombe 1 na kupunguza maji. Lakini usisage maharagwe mabichi kuwa unga wa chapati. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo, nayo huondoka kwa kutokota vizuri, si kwa kupitishwa juu ya kikaango dakika mbili.

Unga wa ngano ni ghali? Ondoa nusu kikombe au kikombe kimoja, utie wa wimbi au wa mtama. Chapati zitakuwa nyeusi kidogo na kukatika kwa urahisi, lakini wimbi lina madini mengi ya kujenga mifupa.

MAMBO YA KUANGALIA

Maziwa yachemshwe kila mara. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya ng'ombe wanaotupa mimba.

Yai la kutiliwa shaka litie katika maji. Likilala chini ni jipya; likielea, litupe.

Chai nzito inywewe baadaye, si pamoja na chakula, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma yaongezayo damu. Badala yake mpe mtoto kipande cha papai au chungwa. Hayo husaidia madini hayo kuingia mwilini.

Mtoto mchanga asipewe chapati. Mpaka atimize miezi 6, maziwa ya mama yamtosha. Mtoto ambaye hajawahi kula yai au soya apewe kipande kidogo kwanza. Akitoka vipele, akivimba midomo au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali upesi.

Wala si lazima kupika chapati hizi kila siku. Mara mbili au tatu kwa juma ni mwanzo mwema. Siku nyingine mtoto apate uji wa wimbi wenye maziwa, au viazi vitamu na maharagwe.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini soya ichemshwe kabla ya kusagwa?
2. Kwa nini nafaka na kunde zikiliwa pamoja ni bora kuliko kila kimoja peke yake?
3. Katika nyumba yako, mayai mangapi hupatikana kwa juma? Mangapi huuzwa, na mangapi huliwa na watoto?
4. Je, waweza kupata sehemu ya shamba, hata mistari michache, ya kupanda soya msimu ujao?

Swali la tatu lijibiwe na bwana na bibi wakiwa pamoja. Na wanaotaka kupanda soya, waulize afisa wa kilimo wa mahali pao ni mbegu gani ifaayo udongo na mvua ya huko, nao wamwulize kabla mvua haijaanza.