Dondoo muhimu: Kufufua Europiccola ya zamani

Europiccola, mashine ya espreso ya mkono iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya La Pavoni ya Milano, Italia, mwaka 1961, hufufuka vizuri. Ila ukiipata usiichomeke kwenye umeme kwanza. Nyaya za zamani hukauka na kupasuka. Fundi umeme apime koili ya kuchemshia maji na ahakikishe waya wa ethi umeshika bodi.

Kisha vali ya usalama. Boila hubana mvuke wenye nguvu, na vali iliyoganda kwa chokaa haiwezi kuutoa. Ifungue, isafishe, uone kama springi inacheza. Ikiwa imeliwa na kutu, nunua mpya. Hapa usibanie pesa hata kidogo.

Chokaa ndani ya boila itolewe kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa katika maji ya moto, kisha suuza mara kadhaa. Usikwangue kwa chuma.

Badilisha sili zote kwa pamoja. Kabla ya kununua, pima kikapu cha kahawa: mashine za kabla ya takriban mwaka 2000 zina milimita 49, za baadaye 51, na vipuri vya pistoni haviingiliani. Sili za pistoni zina upande wake, kwa hiyo zipige picha kabla ya kuzitoa. Paka grisi ya silikoni inayofaa kwa vyombo vya chakula, kiasi kidogo tu.

Ukianza kuitumia, angalia kioo cha maji: boila likikauka, koili huungua. Wala usifungue kifuniko kabla ya kuzima mashine na kutoa mvuke wote kupitia bomba lake.