Mshukuru Baba Akiwa Hai
Masomo: Yeremia 35, Walawi 19:13, Waefeso 6:1-3

Hapa kwetu Sindo, baba akifa tunamshukuru sana. Hema linaletwa, fulana zinachapishwa picha yake, kila mtoto anapewa maikrofoni. Si vibaya. Lakini Waefeso 6 haisemi tungoje siku ya mazishi, na wako wazee katika kanisa hili ambao wiki hii hawajapata pesa ya dawa ya presha.

Soma Yeremia 35. Nabii aliwaingiza Warekabi katika chumba cha hekalu, akawawekea divai. Wakakataa, kwa sababu baba yao Yonadabu aliwakataza. Sasa angalia: huyu Yonadabu ndiye aliyepanda gari la Yehu katika 2 Wafalme 10. Kutoka hapo hadi siku za Yeremia ni zaidi ya miaka 200! Mzee alishakufa zamani, na bado vitukuu wanaishi alivyofundisha. Mungu hakutaja sherehe yoyote waliyomfanyia. Alitaja utii wao, akawaaibisha nao watu wa Yuda.

Mimi namshukuru Mungu kwa baba yangu, ambaye yuko hai na hajawahi kuhubiri popote. Alikuwa na mashua moja ya omena. Mnaijua kazi hiyo: vijana wanatoka jioni wakati hakuna mbalamwezi, wanawasha karabai, samaki wanafuata mwanga, asubuhi wanarudi wakitetemeka kwa baridi. Baba alikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto pesa ya mashua, wa kulia pesa ya nyumba. Nilisoma biashara chuo kikuu miaka 4, na mhadhiri alipofika pale pa kutenganisha pesa ya biashara na ya mwenyewe, nilikuwa nimeshaliona somo hilo kwenye daftari linalonuka samaki.

Kuna wakati nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Asubuhi hiyo omena zilikuwa chache. Mama akasema, "Mzee, si vijana wangoje hadi kesho?" Baba akajibu, "Wao wamekesha majini. Mimi nimelala." Akawahesabia pesa yao pale pale ufuoni. Mimi nikakaa nyumbani wiki nzima. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi. Sidhani baba alikuwa akiufikiria mstari huo, lakini aliuishi.

Jambo lingine ni gumu kuandika kwenye kijarida cha kanisa, lakini nitaliandika. Jaboya. Tunajua akina mama wangapi wameambiwa samaki hauzwi kwa pesa peke yake. Tunajua pia makaburi ambayo Ukimwi umechimba kando ya ziwa hili. Baba aliuza kwa besheni, bei moja, kwa foleni: mjane, msichana, hata shangazi yangu, aliyetangulia ndiye anapimiwa. Wenzake walimwita mjinga. Leo nikikutana sokoni na mama aliyekuwa akinunua kwake, siinamishi kichwa. Huo ni urithi, na haukuhitaji chifu kuugawanya.

Najua wengine baba yenu alikuwa mlevi, ama hakuonekana kabisa. Baba ya Timotheo anatajwa tu kwamba alikuwa Myunani (Matendo 16:1). Imani kijana aliiona kwa nyanya na mama. Mungu anaweza kukupa Yonadabu mwingine: mjomba, mwalimu, mzee wa kanisa. Mshukuru huyo.

Wenye mashua, wenye hoteli, wenye pikipiki: kama kuna kijana anakudai ya wiki jana, mlipe kabla ya Jumapili. Na leo mpigie mzee simu. Usiseme asante tupu. Mwambie ni jambo gani hasa alilofanya, na wewe unalifanyaje sasa. Usitarajie hotuba. Wangu alisema tu, "Sawa. Umekula?"

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani tutasoma Yeremia 35 yote. Njoo na Biblia.