Kaya: Nyumbani, Msitu au Idadi?

Kila tunapotaka kuonyesha jinsi maana ya neno inavyohama, sisi wanafunzi wa semantiki hukimbilia mifano ya Kiingereza. Makala haya yanachukua neno lililo mlangoni petu, huku Kwale: kaya.

Katika Chidigo, kaya ni nyumbani. Atokaye sokoni Ukunda husema "naphiya kaya", yaani ninakwenda nyumbani, wala hahitaji kiambishi -ni cha mahali. Hapo kale Wamijikenda waliishi katika vijiji vilivyofichwa ndani ya misitu minene. Kijiji ndicho kilichokuwa kaya. Msitu ulikuwa ngome yake tu. Watu walipotawanyika kutafuta mashamba, hasa katika karne ya 19, nyumba ziliporomoka, makaburi na miti vikabaki. Jina nalo lilibaki, likaushika msitu. Ndiyo maana mgeni wa Diani anayevishwa kaniki kabla ya kuingia Kaya Kinondo hudhani kwamba kaya ni miti mitakatifu. Kiingereza kimelipokea neno kwa maana hiyohiyo finyu, kikalipachika s yake ya wingi, na UNESCO ikaiorodhesha misitu hiyo kuwa urithi wa dunia mwaka 2008.

Kiswahili sanifu kilielekea kwingine. Karani wa sensa ya Tanzania mwaka 2022 alimtafuta mkuu wa kaya, yaani wa watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa maana hiyo, sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu kaya 173,176 katika Kwale. Mzee wa kaya ana haki ya kucheka!

Maana nyingine haichekeshi. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, washambuliaji walihusishwa na Kaya Bombo, na msako uliofuata ukawakumba hata wasiohusika. Neno la nyumbani likawa la tuhuma. Wanaisimu huita hali hii kushuka hadhi kwa maana. Waliokamatwa bila shaka waliiita vingine.

Kwa maoni yetu, mtunga kamusi aanze na "nyumbani", kisha afuatishe msitu na sensa. Mpangilio huo si jambo dogo. Katika miaka ya 1990 hoteli ilijengwa katika kisiwa cha Chale, penye kaya. Anayeona msitu huona kiwanja kitupu. Anayesema kaya anauliza ni nani aliyeuza kwao.