Kabla ya Kumeza Vidonge vya Kondo

Mwanamke anayejifungulia Houston, Toronto au London siku hizi hakosi kusikia habari ya vidonge vya kondo. Rafiki wa kliniki atamwambia, au dula, yule msaidizi wa uzazi asiye mkunga, atamletea karatasi ya bei. Kondo lako la nyuma linachukuliwa, linakaushwa, linasagwa na kujazwa kwenye kapsuli, nawe unazimeza kila siku mpaka ziishe. Marekani huduma hiyo hugharimu dola 200 hadi 400 hivi. Mwigizaji January Jones aliisifia mwaka 2012, Kim Kardashian akafuata mwaka 2015, na tangu hapo si jambo la watu wachache. Ahadi zake ni nne: damu itarudi upesi, maziwa yatajaa, huzuni haitakushika, nguvu zitarejea.

Kisha simu inapigwa nyumbani. Mama mkwe anashika kichwa, wifi anacheka, na mzazi mwenyewe anabaki hajui amsikilize nani. Mimi simshauri mtu kuvimeza. Lakini kumwambia mzazi “acha uchafu huo” si ushauri, maana shida zinazompeleka kwenye vidonge ni za kweli na zinahitaji dawa ya kweli.

Tuanze na jinsi vinavyotengenezwa, kwa sababu hatari na udhaifu wake vyote vimo humo. Kondo la mtoto aliyetimiza miezi lina uzito wa karibu nusu kilo. Mtengenezaji huliosha damu, hukata kitovu na utando wa mfuko wa maji, kisha hulipika kwa mvuke, wengi wao pamoja na tangawizi na limau. Likitoka limenywea na kuwa gumu, rangi ya kahawia, kama ini lililochemshwa likasahauliwa jikoni. Hukatwa vipande vyembamba, hulazwa usiku kucha kwenye mashine ya kukaushia vyakula, asubuhi husagwa kwa brenda. Unga unaopatikana hujaza kapsuli mia moja hadi mia mbili. Wapo wanaoruka hatua ya mvuke na kukausha nyama mbichi, wakidai moto unaua nguvu yake. Hao wakimbie. Moto huo huo ndio unaoua vijidudu.

Utaambiwa pia kuwa ni desturi ya kale ya wanawake wa dunia nzima. Watafiti Sharon Young na Daniel Benyshek wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, walipitia kumbukumbu za jamii 179 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010: hawakuona hata moja yenye mila ya mama kula kondo lake. Wachina walitumia kondo lililokaushwa kama dawa, kweli, ila hawakuwapa wazazi walio kitandani kama ada ya uzazi. Hoja ya wanyama nayo ina tundu. Mamalia wengi hula kondo lao, lakini ngamia hali, na hakuna aliyewahi kumwona ngamia dhaifu kwa sababu hiyo.

Sasa damu, ambayo ndiyo ahadi kubwa. Watafiti wa Nevada walifanya jaribio dogo: baadhi ya wazazi walipewa kapsuli za kondo lao wenyewe, wengine kapsuli za nyama ya ng'ombe, bila kujua nani amepata nini. Gramu moja ya unga wa kondo ilikuwa na miligramu 0.66 hivi za madini ya chuma. Dozi ya juu ya siku nzima ilimpa mama karibu robo tu ya chuma anachohitaji mwanamke anayenyonyesha, yaani miligramu mbili na kidogo. Hali ya chuma mwilini mwa makundi hayo mawili haikutofautiana. Linganisha na kidonge cha kuongeza damu unachopewa kliniki, FeFo kwa wengi wetu, chenye miligramu kama 60 katika tembe moja, na ambacho kwenye zahanati za serikali hupewa mjamzito bila malipo.

Basi kama ulitokwa na damu nyingi au ulikuwa na upungufu tangu ujauzito, omba upimwe wingi wa damu kabla ya kuruhusiwa kutoka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wazazi waendelee na vidonge vya chuma kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua katika nchi ambako upungufu wa damu ni tatizo la wengi. Meza kwa maji au juisi ya chungwa au ndimu, na chai ya rangi au ya maziwa iache ikae mbali na kidonge kwa saa moja au mbili, kwa kuwa majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini. Hapo ndipo wengi hupoteza dawa: kidonge asubuhi, na kikombe cha chai papo hapo. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na mboga za majani. Na chakula kiwe na maini, dagaa, maharage, mchicha. Mtori wa Kilimanjaro, ndizi na nyama vikapondwa pamoja, haukuwekewa wazazi kwa bahati tu. Una nyama, una wanga, na unalika hata na mtu asiye na hamu ya kutafuna.

Kwenye maziwa, vidonge vinaweza hata kukuendea kinyume. Wakati wa ujauzito kondo hutoa homoni ya projesteroni, na homoni hiyo ndiyo inayozuia maziwa yasitoke kwa wingi. Kondo likishatoka, projesteroni inashuka ghafla, na siku ya pili hadi ya nne matiti yanajaa. Unga wa kondo bado una mabaki ya homoni. Ni kidogo, na haijathibitika kuwa yanatosha kuzuia maziwa, lakini sioni mantiki ya kurudisha mwilini kile ambacho mwili umekitoa ili maziwa yaje. Kinachojaza maziwa ni mtoto: awekwe titini ndani ya saa ya kwanza, anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na midomo ishike weusi wa titi, si chuchu peke yake. Chuchu ikichanika au mtoto akilia baada ya kila kunyonya, mwite mkunga atazame anavyoshika. Uji wa uwatu na supu ya pilipili manga ni vizuri kwa kuwa vinakunyweshea maji na kukupa joto. Kazi ni ya mtoto.

Huzuni inahitaji uangalifu zaidi. Kulia bila sababu siku ya tatu, ya nne, ya tano ni kawaida kwa wazazi wengi, na kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana kapsuli hupata sifa: mama anaanza kumeza siku ya tatu, wiki ya pili anajisikia vizuri, anashukuru kondo. Katika jaribio la Nevada, hali ya moyo ya waliomeza kondo haikuwa na tofauti ya maana na ya waliomeza nyama ya ng'ombe. Hatari ni kwa yule ambaye huzuni yake haipiti, naye anazidi kumeza akingoja. Ukivuka wiki mbili ukiwa huli, hulali hata mtoto akilala, huna raha na mtoto au unajiona hufai, nenda kliniki ukaombe kipimo cha Edinburgh. Ni maswali kumi tu kuhusu siku saba zilizopita, yalitungwa mwaka 1987, na muuguzi anaweza kukuuliza ukiwa umempakata mtoto. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Kama jibu lako ni ndiyo, au kama unasikia sauti au kuwaza kumdhuru mtoto, usisubiri miadi. Aliye karibu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nguvu, kwa upande wake, hutokana na usingizi na watu. Arobaini ya pwani ilikuwa na maana hapo: mzazi hapiki, hafui, mtu mwingine anambeba mtoto ili mama alale. Aliye ughaibuni bila shangazi wala dada angetumia zile dola 300 kumlipa mtu wa kupika na kufua, na angeona faida yake siku ya kwanza. Ila kule kukandwa kwa maji ya moto kwa siku hizo za arobaini kusifike kwenye mshono, awe amepasuliwa au ameongezewa njia.

Lipo na tukio la Oregon, lililoandikwa mwaka 2017 na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Mtoto mchanga alilazwa kwa maambukizi ya damu ya bakteria streptokoka wa kundi B, akatibiwa, akapona, akaruhusiwa. Siku chache baadaye akarudi na bakteria huyo huyo. Mama alikuwa anameza kapsuli za kondo, mbili mara tatu kwa siku. Zilipopimwa, bakteria alikuwemo. CDC ilishauri vidonge hivyo viepukwe, ikieleza pia kwamba hakuna kiwango rasmi cha kuvitengeneza, na kwamba kuua salmonela peke yake kunahitaji nyuzi 54 za Selsiasi kwa dakika 121. Kwa haki, niseme pia kuwa uchambuzi wa uzazi zaidi ya 23,000 Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, haukuona watoto wa waliokula kondo wakiugua zaidi. Kwa hiyo watoto wengi hawapati neno. Lakini faida haijaonekana, na mzigo wa bahati mbaya anaubeba mtoto.

Kama hata hivyo umeamua kuvimeza, fanya hivi. Zungumza na hospitali mapema, kabla ya uchungu. Hawaii, Oregon na Texas zina sheria zinazomruhusu mama kuchukua kondo, na Texas hudai kwanza vipimo vya maambukizi. Likiwekwa kwenye fomalini kwa uchunguzi, halifai tena kuliwa, na usimzuie daktari kulipima kama mtoto alizaliwa njiti au presha ilipanda. Ulipata homa wakati wa uchungu, una maambukizi yoyote, au mtoto alijisaidia tumboni? Acha kabisa. Liwekwe kwenye barafu mara moja, lipikwe kwa mvuke mpaka ndani, litengenezwe jikoni kwako ukiona, si kwenye nyumba yenye makondo ya wengine. Uliza kapsuli imetengenezwa kwa jelatini ya nini, maana nyingine ni ya nguruwe. Na Mwislamu amwulize kwanza sheikhe wake kuhusu kondo lenyewe. Mwambie daktari wa mtoto kuwa unameza. Mtoto akipata homa, akigoma kunyonya au akilegea, acha vidonge, mpeleke hospitali, na nenda navyo vikapimwe.

Na anayetaka kondo lake lizikwe nyumbani, kama walivyofanya bibi zetu, amwambie mkunga siku ya kulazwa, la sivyo litaingia kwenye shimo la kondo la hospitali. Libebwe kwenye chombo chenye mfuniko, anayelishika avae glavu, shimo liwe la futi tatu ili mbwa wasilifukue, mbali na kisima, na mfuko wa plastiki usizikwe nalo.